Siku Moja Ndani ya Kituo cha Televisheni: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Filamu

Mwanafunzi wa filamu akipata nafasi ya kutembelea kituo cha televisheni, mara nyingi siku yake huishia kwenye korido. Anaonyeshwa studio, anapigwa picha nyuma ya meza ya msomaji habari, anachungulia chumba chenye skrini nyingi, kisha anarudi nyumbani. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu ndani ya jengo lile kuna kitu ambacho darasa la filamu haliwezi kumpa: watu wanaohariri tukio huku tukio lenyewe likiendelea. Kwenye filamu, mkato huamuliwa wiki au miezi baada ya kamera kuzimwa. Kwenye matangazo ya mubashara huamuliwa sasa hivi, na ukishatoka umetoka.

Mwongozaji wa filamu Sidney Lumet alipitia shule hiyo. Kabla ya filamu yake ya kwanza mwaka 1957, alikuwa ameongoza tamthilia za mubashara katika televisheni ya CBS nchini Marekani. Mwongozaji mwenzake John Frankenheimer alitokea huko huko. Walijifunza kuamua haraka, na kuamua mbele ya timu nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa umesimama juu ya jambo moja: chagua kitu kimoja ukifuate tangu kinapozaliwa mpaka kinapotoka hewani. Usihangaike kuona kila chumba.

Hatua ya kwanza: amua unakwenda kuona nini

Kazi za kituo kwa kawaida ni za aina tatu: taarifa ya habari, vipindi vya mazungumzo vinavyokwenda mubashara, na vipindi vinavyorekodiwa ili virushwe baadaye. Kwa ziara ya kwanza chagua habari. Taarifa ya jioni huanza asubuhi ikiwa wazo tu, na ndani ya siku hiyo hiyo utaona upigaji picha, uhariri, sauti, grafiki na urushaji. Kipindi cha mazungumzo kinafuata kwa manufaa, hasa kama unataka kuwa mwongozaji, maana utaona kamera tatu au nne zikimfuata mtu ambaye hakuna ajuaye sentensi yake inayofuata. Tamthilia ya kurekodi iache kwanza. Utaratibu wake unakaribiana mno na seti za filamu ulizozizoea.

Kisha andika swali moja la siku. "Mwongozaji anajuaje kuwa sasa ni wakati wa kukata?" Au: "Nani hasa anaamua mwanga wa picha ninayoiona hewani?" Swali hilo ndilo litakalokuambia usimame wapi pale utakapoambiwa, "Haya, ungependa kuona nini?"

Hatua ya pili: omba kwa maandishi, na omba kidogo

Barua iende kwa mkuu wa uzalishaji au mkuu wa vipindi. Ofisi ya uhusiano nayo itaipokea vizuri, ila mara nyingi itakupangia ile ziara ya kikundi ya nusu saa. Itume wiki tatu au nne kabla, na uepuke siku za matukio makubwa kama uchaguzi au fainali za michezo, kwani siku hizo hakuna mwenye nafasi ya kukuelekeza. Mfano wa barua:

"Mimi ni mwanafunzi wa filamu, mwaka wa pili. Naomba ruhusa ya kufuatilia utayarishaji wa taarifa ya habari ya jioni kwa siku moja, kuanzia kikao cha asubuhi mpaka taarifa inapomalizika. Naomba hasa kukaa ndani ya chumba cha kuongozea wakati wa matangazo, nikiwa kimya na simu ikiwa imezimwa. Sitapiga picha wala kurekodi chochote bila idhini. Nimeambatanisha barua ya utambulisho kutoka chuoni. Niko tayari kwa siku yoyote itakayowafaa."

Ile sentensi ya kutorekodi ina uzito kuliko zote. Chumba cha habari kina taarifa ambazo hazijatoka, majina ya watoa habari, na picha ambazo haki zake si za kituo. Anayekupokea anabeba dhamana hiyo kwa niaba yako, na anahitaji kujua kwamba unalielewa hilo.

Hatua ya tatu: soma kituo kabla hujakanyaga mlangoni

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona ndiyo inayoamua thamani ya siku nzima. Tazama taarifa ile ile utakayoiona ikitengenezwa, kwa siku kadhaa mfululizo. Mara moja izime sauti kabisa: andika kila picha inapobadilika, kamera gani inaonekana kutumika, na ni lini grafiki inaingia na kutoka. Siku nyingine fumba macho usikilize: wapi sauti ya eneo la tukio imeachwa ipumue, wapi msomaji anaongea juu ya picha, wapi pana ukimya. Halafu andika muda wa kila habari kwa sekunde. Ukimaliza, utakuwa umeunda upya karatasi ya mpangilio wa taarifa, ambayo vyumba vingi vya habari huiita randauni. Siku ya ziara utailinganisha na randauni halisi, na tofauti utakazozikuta zitakupa maswali mazuri kuliko yoyote ya kubuni.

Jifunze pia namba chache. Sinema hukimbia fremu 24 kwa sekunde. Televisheni kwa kawaida hukimbia 25 kwenye nchi zenye umeme wa hezi 50, na 29.97 kwenye zile za hezi 60. Vituo vingi bado hurusha picha ya 1920 kwa 1080 kwa mistari inayopishana: kila sekunde hutoka nusu-picha 50 au karibu 60, kila moja ikiwa na mistari 540. Ndiyo maana mwendo wa televisheni huonekana laini na "wa karibu" kuliko wa sinema, hata kabla hujagusa taa wala lenzi.

Hatua ya nne: mavazi na mkoba

Viatu visivyogonga sakafu. Nguo isiyo ya kijani, na isiyo na mistari myembamba iliyobanana, kwa sababu upo uwezekano wa kuombwa ukae kwenye kiti cha mgeni wakati taa zinapangwa. Kijani huliwa na mandhari ya kompyuta, na mistari myembamba hucheza kwenye kamera. Ukiombwa, kubali mara moja: kutoka kiti kile utaona taa zote zilipo, na utajua mhojiwa anaona nini. Beba daftari dogo, penseli, saa ya kuhesabu sekunde isiyo kwenye simu, na kitambulisho.

Hatua ya tano: kikao cha asubuhi

Fika mapema, kaa pembeni, usichangie. Sikiliza jinsi habari inavyogeuka kuwa picha. Mhariri mzuri hamuulizi mwandishi "nini kimetokea" pekee, atamuuliza "tutaona nini?" Ukifundishwa kuandika filamu, swali hilo utalitambua papo hapo. Kati ya habari zinazopangwa, chagua moja iwe yako. Isiwe ile kubwa ya siku, kwani itazungukwa na watu wengi. Chagua ya tatu au ya nne, yenye mwandishi mmoja na mpigapicha mmoja, kisha omba kwa upole uifuatilie.

Hatua ya sita: mchana, nje na kwenye chumba cha uhariri

Ukiruhusiwa kutoka na timu, mwangalie mpigapicha kabla hajaanza kurekodi. Wengi wana utaratibu uliowakaa mwilini: picha pana ya mahali, picha za kati za watu wakitenda, za karibu za mikono na nyuso, kisha picha za kukatia, yaani zile zinazomwezesha mhariri kuruka sehemu ya mahojiano bila mruko kuonekana. Angalia kila picha anaishikilia kwa muda gani. Mpigapicha wa habari huacha sekunde za ziada mwanzo na mwisho, kwa sababu anajua anayehariri atakuwa anakimbizana na saa. Angalia pia namna anavyotafuta mwanga uliopo badala ya kuujenga: anamgeuza mhojiwa kuelekea dirisha, anamsogeza mbali na ukuta, na kazi imekwisha.

Kurudi kituoni, kaa nyuma ya mhariri wa picha. Hapa utaumia kidogo kama umelelewa na sinema: picha nzuri zitaachwa. Usibishe. Hesabu ni ngapi zilizopigwa na ni ngapi zimeingia, na uone kipi kilichoshinda. Mara nyingi ni picha inayoeleza jambo upesi zaidi, hata kama si nzuri kuliko zote. Sikiliza namna sauti ya eneo inavyotumika kufungua habari. Sekunde mbili za injini au za umati hufanya kazi ambayo sentensi nzima haiwezi.

Hatua ya saba: studio, saa moja kabla ya kwenda hewani

Kwanza tazama juu, kwenye taa. Utatafuta taa kuu, ya kujazia na ya nyuma, na utazikuta, lakini kila mtu mezani ana seti yake, na taa kuu ya mmoja huweza kuwa ya nyuma kwa mwenzake anayemtazama. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1951 Karl Freund, aliyekuwa mmoja wa wapigapicha wa filamu ya Metropolis ya mwaka 1927, alilazimika kupanga mwanga wa I Love Lucy, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, ili kamera tatu za filamu zirekodi kwa pamoja mbele ya hadhira bila kusimama kubadilisha taa. Mwanga wake ulikuwa mpana na sawasawa, kutoka juu, na hadi leo studio nyingi zinafuata njia hiyo. Chora ramani ya taa kwenye daftari. Weka na kamera, kisha chora mstari wa nyuzi 180, yaani mstari wa kufikirika unaowaunganisha mtangazaji na mgeni, ambao kamera zote hubaki upande wake mmoja. Utaona kamera zinapishana: iliyo kushoto humpiga aliye kulia, na ya kulia humpiga aliye kushoto. Kwa njia hiyo nyuso zote mbili zinaonekana vizuri bila kamera yoyote kuvuka mstari.

Kisha zitazame kamera zenyewe. Kwenye studio nyingi mpigapicha anashika fokasi na zumu kwenye mikono ya stendi, lakini uwazi wa lenzi hauko mikononi mwake. Uko kwa fundi wa picha aliyekaa chumba kingine, anayelinganisha kamera zote kwa kutumia vipimo vya mawimbi ili mkato kutoka kamera moja hadi nyingine usibadilishe rangi ya ngozi. Mwanafunzi aliyezoea kuamua mwanga wake mwenyewe anapaswa kumtafuta fundi huyu. Ni kama mrekebisha rangi wa filamu, ila huyu anafanya kazi picha ikiwa hewani.

Kamera nyingi za studio hutumia vihisi (vipande vinavyonasa mwanga ndani ya kamera) vya theluthi mbili za inchi, ambavyo upana wake ni takriban milimita 9.6, wakati kihisi cha Super 35, kipimo cha kamera nyingi za sinema, kinakaribia milimita 25. Kihisi kidogo kinakupa kina kikubwa cha fokasi, yaani vitu vya karibu na vya mbali huonekana vikali kwa pamoja. Wanafunzi wa filamu hupenda kuibeza picha hiyo kuwa "bapa", na mimi naona hawaitendei haki: mgeni anainama, anageuka, anaegemea nyuma bila kumwambia mtu, na hakuna msaidizi wa fokasi wa kumfuata.

Simama pia nyuma ya telepromta. Ni kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 mbele ya lenzi. Monita iliyo chini yake inaonyesha maandishi yaliyogeuzwa, kioo kinayanyoosha, na kamera inapiga kupitia kioo hicho hicho bila kuyaona. Ukipata nafasi, soma aya moja kwa sauti. Utajua papo hapo kwa nini sentensi za habari ni fupi.

Hatua ya nane: chumba cha kuongozea

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Ingia dakika thelathini kabla, uulize ukae wapi, na ukishakaa usihame mpaka kipindi kiishe.

Ukuta wa mbele umejaa picha: kila kamera, kila video iliyo tayari, grafiki, na skrini mbili kubwa kuliko nyingine. Moja inaonyesha kilicho hewani, nyingine kinachofuata. Usitazame ya hewani, hiyo utaiona nyumbani. Tazama ya kinachofuata. Pale ndipo unapoona mwongozaji anafikiri nini sekunde tano kabla ya dunia kuona. Mara nyingine ataweka kamera ya pili, ataitoa, ataweka ya tatu, atarudi kwenye ya pili. Huko ndiko kuhariri, ila unakuona kukitokea.

Halafu sikiliza. Omba hedifoni ya mawasiliano ya ndani ikiwezekana. Mwongozaji huongea kwa amri za vipande viwili: kwanza anatahadharisha, kisha anatekeleza. "Kamera ya pili, jiandae... ya pili." "Video ya nne tayari... cheza." Tahadhari humpa mpigapicha nafasi ya kumaliza kurekebisha fremu, amri humwambia anayekaa kwenye miksa ya picha abonyeze. Taa nyekundu juu ya kamera ikiwaka, kila aliye studio anajua ipi iko hewani. Andika maneno haya kama yalivyo, pamoja na mapumziko yake. Mdundo wake utakufaa siku utakapoongoza seti yako.

Chagua mtu mmoja umfuate kwa dakika kumi, kisha mwingine. Ningeanza na anayehesabu muda. Yeye anahesabu kurudi nyuma: taarifa lazima iishe saa fulani kamili, kwa hiyo anajua kila habari inapaswa kuanza lini ili mwisho ufikiwe. Habari moja ikizidi sekunde ishirini, utasikia mjadala mfupi sana: nini kinakatwa? Msomaji ataambiwa sikioni, na wewe utaona kwenye skrini uso usiobadilika hata kidogo. Kwa mtu anayejifunza kuwaongoza waigizaji, uso ule ni somo.

Kisha umsikilize fundi sauti, hasa mwandishi anapoungana kutoka mbali. Setilaiti ya mawasiliano iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi yakipanda na kushuka hutumia karibu robo sekunde, na mitambo huongeza ucheleweshaji wake. Ndiyo maana mwandishi hutulia kidogo baada ya kuulizwa. Sauti anayorudishiwa sikioni huondolewa sauti yake mwenyewe, la sivyo angejisikia kwa kuchelewa na kugugumia. Muulize pia kuhusu midomo na maneno kupishana. Viwango vya kimataifa vinaonyesha kwamba sauti ikitangulia picha kwa kama milisekunde 45 mtazamaji huanza kuhisi, lakini ikichelewa anaweza asigundue mpaka kama 125. Maarifa hayo yatakufaa kwenye meza yako ya uhariri. Na uliza kiwango cha sauti cha kituo: vituo vingi hufuata wastani wa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) -23 au -24, na filamu yako yenye minong'ono na milipuko italazimika kuingia humo siku moja ikinunuliwa na televisheni.

Kosa likitokea, na huenda likatokea, usicheke wala usishtuke kwa sauti. Angalia wanavyolimaliza. Timu nzuri hailijadili hadi kipindi kiishe.

Hatua ya tisa: chumba cha kurushia

Dakika kumi na tano zinatosha. Hapa vipindi, matangazo ya biashara na nembo ya kituo hupangwa kwenye orodha inayojiendesha kwa kompyuta, huku mtu mmoja au wawili wakilinda picha isigeuke giza na sauti isikatike. Uliza umeme ukikatika nini hutokea: utaonyeshwa betri zinazobeba mzigo mpaka jenereta ipokee. Uliza pia faili za filamu kutoka nje hukaguliwa vipi, na ni kasoro zipi zinazosababisha zirudishwe. Jibu hilo litakuokolea pesa na aibu baadaye.

Maswali na namna ya kuuliza

Usiulize kitu wakati taa nyekundu ya mlangoni inawaka. Subiri kipindi kiishe, watu wavue hedifoni, wapumue. Kisha uliza kuhusu uamuzi ulioushuhudia: "Pale mgeni alipokaa kimya, ulibaki kwenye uso wake badala ya kurudi kwa mtangazaji. Uliona nini?" Swali la namna hiyo humfanya mtu wa kazi aketi upya na kukueleza. "Kamera hii bei gani?" humfanya atazame saa.

Usiku ule ule na wiki inayofuata

Kabla ya kulala andika siku yako kama randauni: saa, mahali, nani aliamua nini. Ukiiacha mpaka kesho, zile amri na mapumziko yake zitakuwa zimekwisha kupotea. Ikiwezekana tazama tena taarifa ile iliyorekodiwa, ukiwa na maelezo ya chumba cha kuongozea mkononi, na uweke alama kila mkato uliousikia ukiitwa.

Ndani ya wiki moja, fanya zoezi na wenzako. Simu tatu kwenye stendi, watu wawili wakiongea kwa dakika tano bila maandishi, mmoja wenu akiongoza kwa sauti bila kuona zaidi ya skrini hizo tatu. Anayeongoza ataje kila mkato, mwingine aandike muda wake. Kisha hariri picha zote tatu kwa kufuata mikato iliyotajwa tu, bila kusogeza hata mmoja. Toleo la pili lihariri utakavyo. Yaweke yote mawili mbele ya mtu ambaye hakuwepo, na umuulize katika toleo lipi aliwasikiliza wazungumzaji zaidi.

Halafu andika barua ya shukrani. Isiwe ya jumla. Taja kazi ya aliyekusaidia na jambo moja ulilojifunza kwake, na ukiomba kurudi, omba chumba kimoja tu, nyuma ya mtu mmoja: fundi wa picha, fundi sauti, au yule anayehesabu muda.